Vizimba Sita vya Kijani

Jumapili, 2 Juni

Siku ya ishirini na mbili ya ndoa! Nahesabu, ndiyo, na nitaendelea kuhesabu mpaka vidole vya mtaa mzima viishe.

Daftari hili nimelinunua kwa sababu ya jalada lake. Kijani! Rangi ya harusi yetu. Magauni ya wasimamizi kijani, riboni za viti kijani, tai ya mume wangu kijani. Siku hizi nikiona kijani popote, hata kwenye ndoo ya taka, moyo unaruka.

Kesho naanza kazi jengo moja na yeye. Nitatunza panya wa maabara. Nilipompigia mama yangu kumweleza, akasema: "Umeolewa au umeajiriwa na paka?"

Mume wangu amekaa na mimi mchana kutwa anieleze utafiti wao nisije nikaaibika. Nayaandika nisisahau. Pembeni mwa nyuzi za msuli kuna seli ndogo zimelala. Seli shina. Zinaweza kulala miaka. Msuli ukiumia zinaamka, zinazaana, zinajenga palipoharibika, halafu baadhi zinarudi kulala zisubiri siku nyingine. Kwa wazee haziamki vizuri. Nikasema, basi kitabu cha vinasaba kimechakaa. La! Kitabu ni kilekile, neno kwa neno, tangu utotoni. Ila kuna kurasa zimebanwa kwa vibanio zisisomwe, na nyingine zimeachwa wazi, na mtu akizeeka vibanio vinahamia pasipo pake. Dawa wanayoijaribu inavibandua.

Nimemuuliza: anayebana ni nani?

Amecheka mpaka akajifuta machozi. Eti huo ndio utafiti wenyewe, mke wangu.

Sijaelewa. Lakini ana vishimo mashavuni akicheka! Nani ataelewa kitu mbele ya vishimo vile?

Jumanne, 4 Juni

Miguu inauma, furaha tele.

Chumba cha panya hakina dirisha. Kabla ya kuingia navaa ovaroli, kofia ya nywele, barakoa, glavu, mifuko ya viatu — mume wangu alinipita koridoni asinijue! Nikamkonyeza. Akashtuka kama mtu aliyekonyezwa na gunia.

Vizimba vyangu ni kumi na viwili, vya plastiki, kila kimoja na panya wawili. Wote wana miaka miwili, na kwa panya huo ni uzeeni kabisa. Manyoya yamepukutika mgongoni, wanatembea kama wametoka kupanga foleni. Vizimba sita vina lebo ya kijani, sita vina lebo ya buluu. Kundi moja linapata dawa, lingine linapata maji ya chumvi tu. Lipi ni lipi? Hakuna anayejua. Hata mume wangu anayewachoma sindano hajui, anapewa chupa ya kijani na chupa ya buluu basi. Jibu liko kwenye bahasha, kwenye kabati la Profesa, na ufunguo wake Profesa anautundika shingoni. Nimesema huyu mama angefaa kutunza siri za maharusi.

Msimamizi wetu tunamwita Bwana Fomu. Bila yeye kusikia! Kila jambo ana fomu yake. Ya kwangu ni ya kila siku: maji, chakula, maranda mapya, uzito, na safu ya mwisho imeandikwa "Mabadiliko". Alinieleza kila safu kwa sauti ya kuhubiri. Ilipofika ya mwisho simu yake ililia, akamalizia huku anatoka: panya mgonjwa, kidonda, chochote kipya, andika.

Panya wa kijani nimeanza kuwapenda zaidi. Siwezi kujizuia.

Alhamisi, 6 Juni

Leo sijui niandike nini.

Nimewapeleka wote ishirini na wanne chumba cha pili, wawili wawili, kwenye visanduku vya kubebea. Mume wangu aliwalaza kwa dawa ya usingizi, kisha akawachoma sindano kwenye msuli wa mbele ya mguu. Ndani ya sindano kuna sumu itokayo kwa nyoka! Inaharibu ule msuli makusudi, ili waone unavyojijenga upya.

Mikono ileile. Mikono inayonifunika shuka miguuni nikisinzia.

Nimemuuliza njiani kama wanaumia. Akasema wanapewa dawa ya maumivu, na wakiamka wanachechemea siku chache. Akasema pia, taratibu, kwamba mama yake anachechemea mwezi wa tano sasa. Nikaushika mkono wake.

Maana mama mkwe wangu anakaa nasi. Aliteleza bafuni, mguu ukavunjika, plasta imetoka lakini paja limekonda, limekuwa kama mpini wa ufagio. Mtaalamu wa viungo amemwamuru apande na kushuka ngazi za jengo letu mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Anapanda huku anamtukana mtaalamu, ngazi kwa ngazi, kwa heshima zote.

Nampenda mume wangu. Nawaonea huruma panya. Vyote viwili kwa pamoja, sijui kama inawezekana.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepata wazo zuri!

Stoo, nyuma ya magunia ya maranda, kuna boksi la zamani. Ndani yake magurudumu madogo ya plastiki ya panya kuchezea. Sita tu, mengine yamevunjika. Nikamfuata Bwana Fomu ofisini, nikamuuliza kama panya wanaruhusiwa vitu vya kuwachangamsha. Bila kuinua kichwa akasema vya kuchezea ruksa, osha kwanza.

Nimeosha. Nimekausha. Magurudumu sita, vizimba kumi na viwili. Ningefanyaje? Nimewapa kijani! Wanastahili, wamevaa sare ya harusi yangu.

Mwanzoni walinusa tu. Kisha bibi mmoja, mwenye sikio lililochanika, akapanda. Hatua moja. Mbili. Likazunguka! Akashuka, akalitazama kama anauliza nani amesukuma. Akapanda tena. Nilipokuwa nazima taa nikasikia: krii, krii, krii.

Sikumwambia mume wangu. Nataka siku moja aingie aone mwenyewe, afurahi. Lakini yeye haingii kule, mimi ndiye ninayempelekea panya.

Ijumaa, 21 Juni

Wazee wangu wanakimbia! Hata wale waliokuwa wanaburuta mguu. Wa buluu wanalala tu wamekunjana kwenye maranda yao. Kila Ijumaa ni siku ya kuosha plastiki zote, nimeyatoa tena magurudumu, yatakauka mpaka Jumatatu. Jumamosi na Jumapili zamu ni ya Bwana Fomu, na bila magurudumu wananuna, nina hakika.

Wa kijani wamepungua uzito kidogo. Nimeandika kwenye safu ya uzito. Mabadiliko: hakuna. Hakuna mgonjwa hata mmoja, namshukuru Mungu.

Mume wangu ameniletea kalamu mpya. Kijani! Ananijua.

Alhamisi, 4 Julai

Vizimba vitupu.

Nilijua siku itafika, nilielezwa tangu mwanzo. Wanalazwa, hawaamki, misuli inakatwa vipande vyembamba iangaliwe kwa hadubini, na mingine inapelekwa kwenye mashine ya kusoma vile vibanio. Mume wangu alinikataza nisiingie. Nikaingia mpaka mlangoni. Mwenye sikio lililochanika alikuwa wa mwisho.

Nimeosha magurudumu nikayarudisha stoo. Nimelia ndani ya barakoa, kitu kigumu sana, usijaribu. Najisemesha mwenyewe sasa.

Nyumbani mama mkwe akaniona macho. Akaniambia, "Mwanangu, ukililia panya hivi, mimi nikifa utafanya nini?" Nikamwambia, Mama, wewe hufi. Akasema, "Kwa ngazi hizi? Nakufa leo jioni, raundi ya saba."

Jumatano, 24 Julai

JAMANI!

Bahasha imefunguliwa! Watu wote chumbani kwa Profesa, hata mimi na Bwana Fomu tumeitwa. Mume wangu alikuwa ameshapanga picha zote ukutani, kijani upande huu, buluu upande ule. Hata mimi niliona tofauti. Buluu, nyuzi nyembamba, katikati makovu na mafuta. Kijani, nyuzi nene, zimepangana kama miwa shambani. Na seli zilizolala ziliamka zikafanya kazi, zikarudi kulala zikiwa nyingi kuliko mwanzo. Na vibanio vimehama! Kurasa zilizobanwa uzeeni zimefunguka, kama za panya kijana.

Profesa akavua ufunguo shingoni. Akafungua kabati. Akachana bahasha. Akasoma.

Kijani ni dawa.

Kelele! Profesa, mwanamke ambaye hacheki hata akikosea mlango, alimkumbatia Bwana Fomu. Mume wangu alikaa chini sakafuni. Miaka minne, jamani, miaka minne ya dawa zilizokataa. Profesa akasema hata uzito wao ulipungua, mafuta yameondoka, dawa ina nguvu kuliko walivyodhani. Ijumaa ya wiki ijayo kuna mkutano mkubwa, wataalamu kutoka kila mahali, na atakayesimama kusoma matokeo ni mume wangu. MUME WANGU.

Jikoni alinizungusha mpaka sufuria ikaanguka. Nikamwambia, unaona? Kijani! Rangi yetu ina baraka! Akasema ataivaa tai ile ile.

Nina furaha mpaka naogopa.

Jumamosi, 27 Julai

Niandike polepole, nielewe.

Tulikuwa tunakula chakula cha mchana. Mama mkwe alikuwa na maswali, anataka kujua hiyo dawa ataipata lini. Kisha akasema, kwa utani tu, kinywa kimejaa: "Yaani mimi natoka jasho ngazini kama punda, hao panya wenu wanakaa kitako wanapona?"

Mume wangu akacheka. Akasema ndiyo, Mama, ni lazima wakae kitako. Akaeleza kwamba mazoezi nayo yanaamsha seli zilezile, yanahamisha vibanio vilevile. Panya mzee akipewa gurudumu tu akimbie wiki chache, msuli wake unapona vizuri zaidi. Kwa hiyo vizimba vyote ni sawasawa, kitu cha upande huu kiko na upande ule. La sivyo ungejuaje kilichofanya kazi ni dawa au ni miguu?

Nilikuwa nimeshika upawa. Mchuzi ukamwagika mezani, taratibu, nikiutazama.

"Mke wangu, vipi?"

Nikasema upawa una moto.

Haukuwa na moto.

Jumapili, 28 Julai

Najaribu kufikiri kama mtu aliyesoma.

Kwanza, yalikuwa madogo. Pili, Jumamosi na Jumapili hawakukimbia. Tatu, walipata dawa kweli, nimeona kwa macho yangu sindano zikiingia. Kwa hiyo huenda ni dawa. Au ni magurudumu. Au dawa na magurudumu pamoja, nusu kwa nusu, kama chai na maziwa — nani atayatenganisha yakishachanganyika?

Mume wangu alipotoka kwenda sokoni nilifungua kitabu chake. Kurasa tatu. Nimeelewa "na", "lakini" na "kwa hiyo".

Na fomu zangu! Siku zote hizo, safu ya mwisho, mwandiko wangu mzuri: hakuna, hakuna, hakuna. "Chochote kipya, andika." Nilimsikia. Nilidhani anasema magonjwa. Gurudumu si ugonjwa! Ni zawadi!

Nikimwambia, namvunja. Nisipomwambia, nakaa naye meza moja, kitanda kimoja, na najua. Siku ya themanini leo, karibu hivyo. Nimepoteza hesabu. Mimi!

Jumatatu, 29 Julai

Nimeingia stoo. Boksi lipo. Sita, safi, kavu. Nilitegemea nini, kwamba hayatakuwepo?

Bwana Fomu alinikuta nimesimama nalo. Akasema tu, hayo bado yapo? Nilidhani yalitupwa. Akaondoka akipiga mluzi. Tangu bahasha ifunguliwe anapiga mluzi.

Jumatano, 31 Julai

Mama mkwe ameacha ngazi.

Asubuhi sikusikia matusi yake. Nikatoka, nikamkuta kwenye kiti, mguu juu ya kigoda, anachambua maharage. Nikamuuliza, Mama, raundi kumi je? Akasema, "Za nini tena? Mume wako amegundua dawa. Nimesubiri miezi, nitasubiri na hiyo."

Nikamwambia kwamba mume wangu mwenyewe alisema dawa ya watu bado miaka. Akanipungia mkono. "Miaka yenu naijua. Ndoa yenu nayo mlisema ya mwakani."

Mume wangu naye akamsihi, Mama panda, dawa haijafika. Akamjibu kwamba hawezi kuwa na mtoto mgunduzi na bado ajichoshe kama mama wa mtu wa kawaida. Wakacheka wote wawili. Nikaenda kufua nguo zilizokwisha fuliwa.

Jana paja lake lilikuwa linajaza suruali. Kidogo, lakini linajaza. Niliona mwenyewe, nilimsaidia kuvaa. Ngazi ndizo zilizofanya, zile zile anazozitukana.

Sikuwahi kufikiri hivyo mpaka nilipoandika sasa hivi.

Alhamisi, 1 Agosti

Leo nilijaribu mara tatu.

Ya kwanza, njiani kwenda kazini. Nikasema, nina jambo. Akasimama katikati ya barabara, uso ukang'aa, akashika tumbo langu. Nikasema hapana, si hilo. Akasema basi lolote lingine linaweza kusubiri.

Ya pili, koridoni. Profesa akatokea, akaniambia nimshonee mume wangu kifungo cha koti maana kamera zitakuwepo. Tena akaniambia, na wewe umetunza vizuri, fomu zako ndizo safi kuliko zote.

Safi!

Ya tatu, mezani, saa za jioni. Alikuwa anajisomea hotuba mbele ya mama yake. Alipofika pale anaposema vizimba vyote vilitunzwa kwa namna moja bila tofauti yoyote, alinitazama. Kwa shukrani. Mama mkwe akapiga makofi. Mimi nikapiga pia. Mikono yangu ilipiga yenyewe!

Nikiacha aseme sentensi ile, ataisema mbele ya watu wote wanaoheshimiwa katika kazi yake. Mtu asiyeweza kusema uongo hata kuhusu mapishi yangu. Na siku wengine watakaporudia jaribio wakakosa, watamwuliza yeye, si mimi.

Lakini miaka minne. Lakini alivyokaa sakafuni.

Nampenda, kwa hiyo nisiseme. Nampenda, kwa hiyo niseme. Neno ni lilelile! Nani ameweka kibanio wapi?

Kabla ya kutoka kazini nilitia gurudumu moja kwenye mkoba. La mwenye sikio lililochanika. Lina alama ya meno yake ukingoni.

Ijumaa, 2 Agosti

Saa moja asubuhi. Mkutano saa nne.

Nimepiga pasi shati. Nimeshona kifungo. Tai ya kijani iko juu ya meza, na gurudumu nimeliweka kando yake. Nimeliweka, nikaliondoa, nikaliweka. Sasa lipo.

Anaoga. Anaimba, sauti mbovu, wimbo aliouimba siku ya harusi akiwa hajui maneno. Bado hajui maneno.

Mama mkwe amepita akaliona. Akauliza ni kitu gani. Nikamwambia ni cha panya, wanakimbilia. Akalishika, akalitazama, akanitazama mimi. Amechukua fimbo yake, ametoka. Namsikia kwenye ngazi sasa. Moja. Anatukana. Mbili.

Maji yamefungwa bafuni.

Nitaandika mpaka aje, nikiacha kuandika nitalificha.

Amekuja. Taulo shingoni, vishimo mashavuni. Amechukua tai. Ameona gurudumu. Analizungusha kwa kidole — krii, krii — anasema, kizuri hiki, umekitoa wapi, mpenzi?

Anatabasamu. Kidole bado kinazungusha, ila polepole.

Ananiuliza naandika nini.

Nimesema, keti kwanza, mume wangu.

Ameketi. Tai ameishika mkononi, hajaifunga.